Kakao Iliyopata Homa

Juzi, katika duka moja Tunduma, muuzaji alifungua boksi la chokoleti, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kwetu Ileje.

Mama alikuwa amekataa kumuuzia mnunuzi kakao mbichi. Alizifunika mbegu zile kwa majani ya mgomba, kama alivyonifunika mimi nilipougua malaria. Mchana mmoja nilipenyeza mkono kwenye lundo lililonuka uchachu, nikashtuka.

"Mama, kakao ina homa!"

Hakucheka. Aliingiza mkono wake kando ya wangu, tukalisikilizia lile joto lisilo na moto wala moshi.

"Haiumwi, mwanangu. Ndiyo inakuwa kakao."

Siku hizi najua kuvundika kule ndiko kulikotupandishia bei. Hata hivyo pale dukani, kabla sijaonja, niliigusa chokoleti kwa kiganja, kama mtu anavyogusa paji la uso la mtoto.