Kiti Kisichopandishwa Punda

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya tiba ya viungo, Lodwar, nikisubiri bega langu litazamwe. Mbele yangu alikaa mama kutoka Lorugum, amempakata bintiye mdogo ambaye mtindio wa ubongo umemnyima nguvu za kukaa mwenyewe. Mtaalamu alikuwa amemletea kiti cha mbao chenye mikanda.

Mama alikiinua kidogo, akakirudisha chini.

"Daktari, hii kiti ni mzuri. Lakini sisi nahama na mbuzi. Punda nabeba maji. Kiti nani nabeba?"

"Si mtoto abaki mjini kwa nyanya yake, akitumie?" mtaalamu akauliza.

"Hapana. Huyu nahama na mimi."

Mtaalamu alimtazama mtoto. Kisha akatoka nje kivulini, akapiga magoti na kuchimba mchanga kwa mikono. Mama alipomfuata, alimkalisha mtoto shimoni, akamzungushia mchanga mgongoni na ubavuni. Mtoto aliyumba, akatulia. Vidole vyake, vilivyokuwa vimeng'ang'ania shuka ya mama muda wote, vikaachia na kuanza kuchota mchanga.

"Chimba hivi kila mnapohamia," alisema mtaalamu. "Kivulini, na usimwache peke yake."

"Hii naweza," mama akasema akicheka. "Mchanga iko kila mahali. Ejok, mzuri sana."

Sisi wa maofisini, mimi mwalimu nikiwemo, hupenda kumpa mtu kitu cha kubeba, ili ionekane amehudumiwa. Mama yule aliondoka amembeba mtoto wake tu.