Niliifuta timu ya banda la Ta Deo pale Nshamba nikidhani naisafisha

Wakuu, mimi ndiye niliyefuta timu nzima ya mpira ya watu ambao hawajawahi kunikosea chochote.

Timu yenyewe ilikuwa ndani ya memory card ya PS2. Najua kuna watakaocheka hapo na kufunga uzi. Ruksa. Mtakaobaki nawaambia yote, pamoja na kipande ambacho hata mama yangu sijamwambia.

Kwa wasionifahamu: naishi Rwamishenye, Bukoba mjini, ila kwetu hasa ni Muleba, maeneo ya Nshamba. Natengeneza mashine za gemu za zamani. Sijasomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu za kwangu na kuangalia video, narudia sehemu moja mpaka bando linakata.

Wanaonifahamu humu jukwaani wanajua nilivyo. Mtu akiweka picha ya gemu ya mpira iliyochezewa, yenye jezi za timu za Bongo na mtangazaji wa Kiswahili, mimi nakuja na aya tano: gemu ichezwe ilivyotoka kiwandani, vinginevyo hujaicheza. Na wakati naandika hayo, mashine yangu mwenyewe inasoma CD za kuchoma. Mnaona.

Maoni yangu kuhusu retro hayajabadilika yote, niseme ukweli. Bado naona gemu za zamani zilikuwa na heshima. Unaweka CD, unacheza. Hakuna kusubiri update kwa bando la kukopa. Hakuna mtu wa ng'ambo usiyemjua anakufunga halafu anakata mtandao. Aliyekufunga amekaa pembeni yako, unamsikia anavyotafuna muwa, na zamu yako ya kunyanyuka imefika.

Haya, tuje kwa Ta Deo.

Kwetu mwanaume mtu mzima humwiti jina tupu, unaanza na Ta. Ta Deo ana banda la gemu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. TV ya kichogo, PS2 moja ambayo mpaka uilaze kwa ubavu ndipo isome, na padi zilizovishwa vipande vya tyubu ya baiskeli pale raba ilipoisha. Yeye hukaa juu ya gunia lililoshindiliwa maganda ya kahawa. Kwenye ile gemu ya mpira hafungiki kirahisi.

Banda lake lina utaratibu ambao sijauona kwingine.

Ukimfunga Ta Deo, mechi zote zinasimama, unatengenezwa. Anaingia sehemu ya kuhariri wachezaji, anaandika jina lako, anakupa namba, halafu banda zima linagombania sura yako.

"Pua ongeza!"

"Huyu mfupi bwana, mshushe!"

"Mtieni matege, mbona mnamwonea haya?"

Ukitoka hapo wewe ni mchezaji wa timu ya banda. Uhame, uoe, ufilisike, unabaki kwenye kikosi.

Na mnatujua watu wa huku, Krismasi lazima turudi nyumbani. Vijana wa Ta Deo walioko Mwanza, Geita na Dar, wakishasalimia wazazi wanapita bandani kujiangalia. Nimewahi kuona mtu mwenye kitambi na gari lake nje akiinama mbele ya ile TV, anapiga kelele, "Nimo! Bado nina rasta!"

Mimi sikuwahi kumfunga. Nilikuwa yule mtoto ambaye akifungwa anasema padi mbovu, turudie. Nikaenda shule ya bweni nikiwa hivyo hivyo.

Sasa, mwishoni mwa Novemba Ta Deo alikuja Rwamishenye na ile PS2 ameifunga kwenye kitenge, kadi ikiwa imechomekwa. Ilikuwa haisomi kabisa, hata kwa ubavu.

"Jitahidi, waitu," akaniambia, kwa lile neno letu la kubembeleza. "Wanangu wanakuja Krismasi."

Nilisafisha lenzi, nikarekebisha reli yake, ikasoma ikiwa imekaa kawaida, bila kulazwa kwa ubavu. Ningeishia hapo nisingekuwa na uzi.

Nikafungua kadi. Wakuu, nilichokiona kiliniwasha mwili. Majina yamekatwa katikati. Kipa ni mfupi kuliko mabeki wote. Kuna beki ana kasi 99 na vingine vyote ni aibu. Viatu vya zambarau. Klabu halisi ya Ulaya imeondolewa ili wakae hao. Nilipitia kikosi cha kwanza tu, wa akiba sikuwafikia. Nilishaona ni uchafu.

Nikajiambia nitampa Ta Deo zawadi, aipokee kama imetoka dukani leo. Nikachagua kufuta vyote.

Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Mashine yenyewe iliniuliza, wakuu. Mezani pembeni yangu kulikuwa na kadi nyingine tupu, ningeweza kunakili kila kitu kwanza. Sikunakili. Uchafu unaunakili wa nini?

Nikaipeleka Nshamba mwenyewe, nikitarajia kusifiwa. Na nilisifiwa. Ilivyosoma bila kulazwa kwa ubavu, vijana walipiga makofi. Kisha Ta Deo akaenda kwenye timu yake. Akatafuta. Akarudi nyuma, akatafuta tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Mbona hawapo?"

Hapa ndipo panaponiuma kuliko kule kufuta. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikasema nyingine.

"Ta Deo, hizi kadi za zamani huwa zinakufa zenyewe. Ni umeme. Ukizima ghafla tu, basi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kweli. Mimi huwa nachomoa tu."

Akanishukuru kwa kazi, akanifungashia kopo la senene wa kukaanga. Nikalipokea, wakuu. Nikawala wote.

Krismasi nilipokwenda nyumbani nililikwepa banda. Siku iliyofuata mama akanituma chumvi, na duka lipo mlango wa pili kutoka kwa Ta Deo. Nikanunua, wakati wa kurudi nikapita naangalia chini, lakini sauti yake nikaisikia.

Banda lilijaa watu wazima. Ta Deo hakuwa kwenye gunia lake. Alisimama katikati yao, mikono mbele, kama mtu aliyeitwa na baraza la ukoo.

"Ni mimi, wanangu. Nilikuwa nachomoa waya ovyo. Nisameheni."

"Ta Deo umetuzika bila jeneza!" Huyo alikuwa Anacleth, fundi wa malori huko Geita, yule beki wa kasi 99. "Kule nawatambia watu, sasa ushahidi uko wapi?"

Wakacheka. Ta Deo akacheka pia, ila macho yake yalikuwa sakafuni.

Ningeondoka. Anacleth akaniona.

"Fundi huyo! Ingia bwana, wewe una vidole vyepesi. Sisi tunataja, wewe unaandika. Tunaanza upya."

Wakanikalisha kwenye gunia la Ta Deo, padi mkononi. Wakaanza kutaja, na kila mchezaji alikuja na habari yake. Kipa mfupi ni kwa sababu ndivyo alivyo, na ndiye aliyedaka penalti za shule nzima. Majina yamekatwa kwa sababu nafasi za herufi ni chache na majina yetu ni marefu. Kasi 99 ya Anacleth? Ndiye aliyekimbia kwa miguu hadi zahanati kumwita nesi, siku mke wa Ta Deo aliposhikwa na uchungu.

Yote niliyoyaona makosa, yalikuwa yamepimwa kwa uangalifu kuliko kazi yangu yoyote.

"Twende wa akiba," akasema Anacleth. "Namba ishirini na tatu, andika jina lako."

Nikamgeukia.

"Hujui? Ulipoenda bweni Ta Deo alikuweka. Kipara, maana walishakunyoa kwa ajili ya shule. Na uso umenuna! Tukamwambia huyu hajakufunga. Akasema, atarudi."

Nikaiweka padi chini. Kumbe nilijifuta na mimi mwenyewe bila hata kujiangalia.

Nikasema, "Kadi haikufa. Niliifuta mimi."

Anacleth akaanza, "Wewe mshenzi wa..." Ta Deo akamnyooshea kiganja anyamaze.

"Na ukaniacha nikaomba msamaha mtu mmoja mmoja," akaniambia. Hakupandisha sauti. Ni bora angepandisha. "Inuka hapo."

Nikainuka. Akakaa yeye, akachukua padi, wakaendelea bila mimi, herufi moja moja. Nilisimama mlangoni na chumvi ya mama mkononi. Walipofika ishirini na tatu, akairuka.

"Hiyo iacheni. Ataichezea kama wenzake, anifunge kwanza."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kitu cha zamani cha mtu, unachokiona kosa humo ndani, muulize mwenyewe kwanza. Huenda ndicho anachokitunza. Na ukiharibu, sema papo hapo, kabla mzigo wako haujabebwa na mtu mzima asiye na hatia.

Wale wote niliowashambulia humu kwa sababu ya gemu zenu za jezi za Bongo, naomba radhi. Nyie mna kadi za zamani huko ndani? Kuna nini humo, nani aliwatengenezea? Andikeni. Hata mkinitukana sitajibu kwa aya tano.

Siku hizi mtu akiniletea mashine namuuliza kuna nini ndani, nanakili, ndipo nashika bisibisi. Nshamba naenda kila nikipata nafasi. Nacheza na Ta Deo, ananifunga, nanyanyuka bila kusema padi ni mbovu. Ishirini na tatu bado iko wazi.