Dereva wa Foklifti Anayepigana Vita vya Vifaru kwa Rivasi

Saa tano kasoro robo asubuhi, Jumamosi, Marijani Kondo amezingirwa. Vifaru vinne vinamjia kwa mpigo, naye anacho kimoja tu. Jasho linamtoka utadhani mabomu ni ya kweli.

Vita hivi vimo ndani ya kompyuta tano zilizounganishwa kwa waya, katika darasa la chumba kimoja huko Temeke. Kila mwanafunzi anaendesha kifaru chake, na wanne wameamua kumvaa mmoja. Huyo mmoja ana miaka hamsini na miwili.

"Shikamoo mzee! Leo hutoki!" anatania Edgar, kinara wa vijana hao.

"Marahaba. Njooni tu, mie nipo," anajibu Marijani.

Kwa miaka kumi na tisa Marijani ameendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika yadi moja ya makontena, Kurasini. Tangu yadi hiyo iuzwe kwa mtu binafsi, madereva wamepunguzwa kutoka thelathini na mmoja hadi kumi na wawili. Mwezi huu, Julai 1998, watabaki sita.

Kuendesha hakumsumbui. Kinachomkosesha usingizi ni mtihani wa keshokutwa, Jumatatu: kila dereva ataingiza kwenye kompyuta namba ishirini za makontena, kila moja herufi nne na tarakimu saba, kwa dakika kumi. Atakayeshindwa ataaga kazi.

"Tani ishirini nanyanyua huku napiga mluzi," anasema. "Halafu nije nishindwe na kitufe? Aibu gani hii!"

Mwalimu wake, Vaileth, ndiye aliyemwingiza vitani. "Vidole vyake vilikuwa vinaogopa kibodi," anaeleza. "Nikamwambia, baba, cheza vifaru kwanza. Ukishambuliwa hupati muda wa kutafuta kitufe."

Wiki ya kwanza hakuwahi kumaliza dakika mbili akiwa hai. Wiki ya pili akaanza kituko kilichowachekesha wote: akawa anaendesha kifaru kinyumenyume. Nilitaka sana kujua alikitoa wapi kituko hicho.

"Kazini kwetu, mzigo mkubwa ukikaa mbele huoni njia," anasema. "Sie tunakwenda rivasi, shingo imegeuka. Nikajiuliza, kwa nini niwape mgongo watoto hawa?"

Basi anarudi taratibu, mzinga ukiwaelekea maadui, hadi kwenye uchochoro kati ya majengo mawili. Anayemtaka sharti aingie peke yake.

Leo wa kwanza anaingia na kuwaka moto. Wa pili naye. Wa tatu anajaribu kugeuza, amechelewa.

"Jamani, mzee huyu!" anapiga kelele Demetria, aliyeunguzwa wa kwanza.

Amebaki Edgar, na haonekani. Marijani anainamisha macho kwenye kibodi kutafuta kitufe cha kugeuzia mzinga. Ni sekunde moja tu. Edgar ameshazunguka uchochoro, anampiga kwa nyuma, na skrini inakuwa nyeusi.

Vijana wanampigia makofi, na wanamaanisha. Yeye hacheki.

"Miaka kumi na tisa sijawahi kurudi rivasi bila kutazama nyuma," anasema kwa sauti ya chini. "Leo nimetazama vidole. Jumatatu nikitazama vidole, nimekwisha."

Huzuni yake inaonekana wazi.

Vaileth anavua kanga yake begani na kufunika kibodi, pamoja na mikono ya mwanafunzi wake. Edgar anasogeza kiti, tayari kwa vita vingine.

"Vita basi, mwanangu," Marijani anamwambia. "Nisomee namba za makontena."

Edgar anasoma. Chini ya kanga vidole vinapapasa, macho ya Marijani yakiwa kwenye skrini. Namba ya kwanza ina makosa mawili. Ya pili ina moja. Ya sita inatoka safi, nami najikuta nimeshangilia kuliko wanafunzi.

Anataka abaki miongoni mwa wale sita, afikishe miaka ishirini kwenye usukani, ndipo apumzike kwa hiari yake. Saa saba anasimama, anaikunja kanga vizuri na kuitia kwapani.

"Mwalimu, hii naiazima mpaka Jumatatu."

"Utaifunika kompyuta yao mbele ya bosi?"

"Bosi ataangalia namba," anajibu Marijani, akitoka.