Mbegu ya Shangazi Josefina na Kompyuta Yenye Haraka

Mume wangu Melkior ana ubishi wa kuzaliwa nao. Ukimwambia kitu hakiwezekani, umemtuma kazi. Kibanda chake cha ufundi kiko Misunkumilo, hapa Mpanda. Anatengeneza redio, simu, sola, na mengine ambayo hakuna aliyemwomba.

Mwaka huu mvua ziligoma kuondoka. Kwao Mpimbwe mpunga ulivunwa mbichi, ukaanza kuota ndani ya magunia. Tukaenda huko wote wawili, Melkior akawajengea kikaushio: chumba cha bati, jiko la pumba chini, feni, na trei za wavu zimepangwa moja juu ya nyingine. Akafunga kompyuta ndogo ya mtumba iongoze moto na feni. Kila baada ya muda mfupi inapima joto na unyevu, inapanga saa zote zinazokuja, inafanya hatua ya kwanza tu, halafu inapima na kupanga tena.

Shida ni kwamba ilikuwa nzito kufikiri. Ikimaliza kupanga, moto wa pumba umeshabadilika zamani. Jamani, mwanaume alikonda! Chakula nampa, anakitazama tu. Siku moja akaniita kwa kelele, "Apollinarie, nimeipata! Ilikuwa inaanza na sifuri kila mara. Sasa inachukua mpango uliopita, inausogeza mbele, inarekebisha palipopinda. Muda ukiisha inatumia hapohapo ilipofika."

"Na mambo yakibadilika ghafla?"

"Itachelewa kugutuka. Lakini nani abadilishe mambo ghafla humo ndani?"

Kweli ikawa nyepesi. Watu wakaleta mpunga, wakamsifu mpaka nikaanza kumtania kwamba kofia haitamtosha.

Ndipo Shangazi Josefina akaleta mbegu. Huyu ni dada wa baba yake, ndiye aliyemlea Melkior baada ya wazazi kufariki. Ana mpunga wa zamani, wa harufu, alioachiwa na mama yake. Wenzake wote kijijini walishahamia mbegu za dukani, akabaki peke yake. Aliileta yote, maana ghalani ilishaanza kuvunda.

Melkior akaiweka trei za juu. Chini akaweka mpunga wa kula wa jirani, Shadrack, uliolowa chapachapa. Hewa ya moto ilipita kwanza kwenye ule uliolowa, ikapoa, ikaifikia mbegu taratibu. Mbegu ikiungua kidogo tu bado ni chakula, lakini haioti tena. Alipoona mambo yanakwenda vizuri, tukaenda kula.

Huku nyuma jua likatoka. Sasa, nyie msiojua, Wapimbwe wa pale kwao wana desturi: mbegu hupishwa. Penye mbegu, chakula kinasogea. Shadrack alipoona jua, kwa adabu zake akatoa trei zake zote, akaanika mpunga wake kwenye mikeka, akafunga mlango vizuri.

Hewa ya moto ikapanda moja kwa moja hadi kwenye mbegu. Kompyuta iliona joto linapanda, lakini mkononi ilikuwa na mpango wa moto mkali wa mpunga uliolowa. Ikapunguza kidogo, muda ukaisha. Ikapunguza tena kidogo, muda ukaisha. Tuliporudi joto lilishashuka, skrini inasema kila kitu salama. Melkior akatumbukiza mkono kwenye trei, akautoa upesi; mbegu ilikuwa bado inachoma.

"Nani katoa zile za chini?"

"Mimi, kaka," Shadrack akasema, anatabasamu. "Mbegu ya Mama Josefina hiyo, ningeibanaje?"

Melkior amezaliwa palepale, tangu utoto anaipisha mbegu, na bado hakuikumbuka hiyo desturi alipokuwa akiifundisha mashine yake kukimbia. Mimi nilikasirika, sifichi. Nilitamani kuipiga teke ile kompyuta, na Melkior mwenyewe pia.

Shangazi akasema, "Tusilaumiane kabla ya kuona." Akafunga konzi ya mbegu kwenye kitambaa kibichi. Siku za kungoja, Melkior akawa anaandika upya: joto likiruka, funga moto, tupa mpango wa zamani, anza upya. "Mistari michache tu, Apo," akaniambia.

Kitambaa kilipofunguliwa, haikuwa imeota hata moja. Shangazi akafunga tena kana kwamba amekosea kutazama, akafungua, akatazama.

Jumapili baada ya misa alituita. Alikuwa ameutwanga ule mpunga wa mbegu, ameupika. Akampakulia Melkior wa kwanza.

"Shangazi, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, baba. Mama alinikabidhi akasema nisiile hata njaa ikiingia, na njaa ziliingia, sikuila." Akamsogezea sahani. "Sasa ni chakula. Kula, kinapoa."

Melkior alikula machozi yanamtoka. Ulikuwa mtamu, na hakuna aliyeomba kuongezewa.