Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Kijijini kwetu harusi husongamana mwanzoni mwa Agosti, kabla mfungo wa Bikira, usioruhusu ndoa, haujaingia, maana ndipo wanawake wetu wanaporudi likizo kutoka Italia wanakofanya kazi. Padri hapati hata nafasi ya kumeza mate. Kwa wiki chache barabara inanukia manukato, watoto wanakula chokoleti hadi wanaumwa matumbo, kisha magari yanawachukua tena mama zao na tunabaki vikongwe na mbwa. Mimi Pelaghia nimeshazoea, au ndivyo ninavyojidanganya.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya Zinovia, jirani yangu. Alipofiwa na mumewe alimwacha binti yao Corina, mtoto wa miaka mitano, kwa wifi yake Agafia, akaenda Padova, huko Italia, kumtunza bibi kizee mmoja aliyepooza. Alisema anakwenda mwaka mmoja. Wote husema hivyo. Miaka ya kwanza hakuwa na vibali, akitoka kule asingeruhusiwa kuingia tena, basi hakuja kabisa. Alipovipata akawa anakuja kila kiangazi, na kwa jasho lake ikajengwa nyumba mpya yenye madirisha mapana. Agafia na mtoto hawakuhamia humo. Waliendelea kuishi katika kijumba cha nyuma chenye jiko, na vyumba vipya vikawa vinafungwa na kufagiliwa kila Jumamosi, vikimngoja mwenyewe.

Sasa Corina alikuwa anaolewa na Vitalie, fundi wa matrekta, kijana asiye na makuu. Na Zinovia alikuja na jambo moja tu moyoni. Kwetu, kabla bibi harusi hajatoka nyumbani kwenda kanisani, hupiga magoti mbele ya mama yake aliyeketi kitini, akamwomba msamaha kwa yote aliyomtaabisha tangu kuzaliwa.

"Pelaghia," aliniambia tulipokuwa tukiviringisha sarmale, nyama na mchele ndani ya majani ya mzabibu, "sikumwona aking'oka meno. Sikumpeleka shule siku ya kwanza. Lakini kile kiti ni changu. Mungu hawezi kuninyima na hicho."

"Nani kasema anakunyima? Viringisha, hizo zako nene kama vidole vya padri," nikamjibu.

Siku zile nilimwona akihangaika kuwa mwenyeji kwake mwenyewe. Akishika ufagio, Corina anauchukua kwa adabu: "Mama, keti. Umechoka na safari." Taulo lake lilitolewa sandukuni, sahani yake ilikuwa ile ya ukingo wa dhahabu. Jioni moja alitaka kupika supu ya kuku mwenyewe, akasimama katikati ya jiko akigeuka huku na huku.

"Wifi, chumvi mnaweka wapi?"

"Acha tu, wifi, nitakuletea."

"Niambie ilipo!"

Agafia akamwonyesha rafu nyuma ya mlango. Kwa kuchanganyikiwa Zinovia aliitia chumvi mara mbili, na Corina akainywa supu yote, akasema ni tamu. Binti aliyemzoea mama yake angepiga kelele, "Mama, unataka kutuua?"

Midomo ya kijiji nayo haina breki. Kisimani Varvara akaropoka mbele ya watu: "Magoti yapigwe kwa aliyekesha na mtoto akiugua surua! Huyo Mtaliano wenu alikesha na nani?"

Agafia akatua ndoo. "Alikesha na kikongwe wa watu ili mtoto avae viatu. Mama wa Corina ni mmoja, naye keshakuja. Mimi ni shangazi. Na mtoto wako wewe, Varvara, uliyemwachia bibi yake amlee, anakuita nani? Funga domo."

Varvara akachukua ndoo zake, akaondoka.

Asubuhi ya harusi Agafia akajichimbia jikoni, eti sarmale zitaungua. Zinovia akaketi uani kwenye kile kiti, gauni la buluu, mkate wa baraka mapajani. Wapiga fidla wakaanza ule wimbo wa polepole unaowaliza hata wanaume. Mto ukawekwa chini, Corina na Vitalie wakapiga magoti, na mzee Teodosie, anayeongoza harusi zetu, akawa anayatamka maneno, Corina akiyafuata.

"Nisamehe, mama, kwa usiku niliokunyima usingizi."

"Nimekusamehe."

"Nisamehe kwa mkate ulionikatia, nawe ukalala njaa."

"Nimekusamehe, mwanangu."

Aliyatamka yote vizuri, bila kukosea hata moja, macho makavu. Akaubusu mkate, akaubusu mkono wa mama yake. Zinovia alikuwa akilia kwa niaba ya wote wawili. Alikipata kiti chake, na mimi niliyesimama pale pembeni nilitamani asingekipata.

Kisha Corina akainuka. Ilimpasa aelekee langoni, kwenye magari. Badala yake akakusanya shela mkononi, akakatiza uani, akaingia jikoni. Agafia alikuwa akichungulia chungu, mwiko mkononi, aproni imejaa mafuta. Corina akaanguka kwa magoti kwenye sakafu tupu, akauficha uso katika aproni ile. Hakuwa na maneno ya mzee Teodosie. Alilia tu, mabega yakiruka, na Agafia kashika mwiko hewani, hajui auweke wapi.

Fidla zikanyamaza moja moja. Watu wakajazana mlangoni. "Mwinueni, kanisa linangoja," mtu akasema. Tukampisha Zinovia, maana nani mwingine? Akaingia, akainama, akamshika bintiye kiwiko kwa upole.

Corina hakuinua uso. Hakujua mkono ule ni wa nani. Akausukuma kwa bega, akasema huku analia:

"Niacheni kidogo. Niko na mama."

Agafia akamtazama wifi yake kwa macho ya kuomba radhi. Zinovia akaachia kiwiko. Akauchukua mwiko mkononi mwa Agafia, ili huyo apate mikono miwili ya kumkumbatia mtoto, akatugeuzia mgongo sote, akaanza kukoroga chungu.

Sarmale hazikorogwi, majani yanafumuka. Sote tulijua, na yeye alijua. Hakuna aliyemzuia.