Kosa la Aliyenyoosha Mkono

Mzee niliyemhudumia katika nyumba ya kutunzia wazee huko Gahanna, pembezoni mwa jiji la Columbus, hakuwa na mgeni ila besiboli kwenye televisheni. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Mchezo huo niliuona kama watu waliosimama wakisubiri basi. Alinifundisha huku nikimvika soksi.

Siku moja mpira ulipigwa juu. Mchezaji mmoja akaukimbilia, akafika chini yake, ukaingia kwenye glovu kisha ukaponyoka. Kwenye ubao wa matokeo akaandikiwa kosa.

"Mbona wale wawili wa jana waliotazamana mpaka mpira ukaanguka katikati yao hawakuandikiwa?" niliuliza.

"Hawakuugusa. Hapo mara nyingi sifa humwendea aliyepiga. Kosa huandikiwa aliyefika, akapaswa kudaka, akashindwa."

Nikamwambia hiyo si haki. Alicheka hadi akakohoa.

Baridi ilipoanza, mzee aliteleza akitoka bafuni. Mwenzangu wa shifti, mama wa Kivu niliyekuwa nikisali naye, alikuwa mlangoni na mashuka mikononi. Hakusogea. Nilikimbia kutoka dirishani nikamdaka mzee kwapani. Uzito wake ukatuangusha wote wawili, na bega lake likateguka mikononi mwangu.

Msimamizi alikuwa na swali moja. "Nani alimshika?"

"Mimi. Bila hivyo angepasuka kichwa."

"Nimeuliza nani alimshika tu."

Mzee alijaribu kunitetea. Wakaandika kwamba amechanganyikiwa. Mwenzangu akatia sahihi kuwa hakuona vizuri. Wiki hiyo hiyo nikaachishwa kazi.

Jumapili, nje ya kanisa, nilimkabili. "Ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwake."

Hata hakuinamisha uso, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa. "Bon, dada, weye ulikimbia ya nini? Mie nilisimama, donc hakuna mutu aliniuliza kitu."

Watu walikuwa wanatoka na watoto wao, wananisalimu. Niliitikia, nikaenda zangu.

Nilihamia Buffalo kwa kaka yangu, aliyenunua nyumba kuukuu mtaa wa Black Rock, nikapata kazi ya kufunga maboksi kiwandani. Nasikia yule mama sasa ndiye anayewafundisha wafanyakazi wapya.

Nilipiga simu kule mara moja tu kumuulizia mzee. Sauti nisiyoijua ikaniambia habari za wagonjwa hupewa ndugu tu.

"Hana ndugu," nikasema.

"Basi hakuna wa kupewa," ikajibu, na simu ikakatwa.