Heleri za Juu ya Bati

Kazi yangu ni kuezeka. Nimepanda mapaa mengi, Kibondo hadi Kasulu, lakini nyumba ya Mama Pelagia wa Murungu ndiyo pekee niliyokuta misumari yake imevalishwa hela.

Aliyeiezeka ni mumewe, marehemu Pasikali. Waliuza maharage misimu mitatu wakapata bati na misumari, lakini pesa ya kununua mipira ya kuzibia matundu ya misumari haikubaki. Wengine hukata ndala kuukuu, au hutumia vizibo vya soda. Pasikali alifukua chungu cha babu yake kilichokuwa na heleri, hela za Mjerumani zenye tundu katikati. Babu huyo alikuwa mpagazi, aliyebeba mizigo mpaka mabega yakaota sugu, na hizo heleri ndizo zilizokuwa ujira wake. Alipokuja Mwingereza, mzee akazipeleka zibadilishwe, akaambiwa hela zako zimekufa. Akazizika, maana maiti huzikwa. Basi hela zisizonunua hata chumvi zikaja kuzuia mvua miaka zaidi ya thelathini, na hakuna hata moja iliyoshika kutu.

Chini ya bati lile Pelagia alilea watoto sita, wakaondoka mmoja mmoja, na chini yake alimuuguza Pasikali mpaka akafa. Ni mwanamke mfupi, mbahili wa maneno, na unga wake wa muhogo sokoni Kibondo haumalizi asubuhi. Mimi ananiita fundi, hata kanisani.

Mambo yaliharibika siku Niyonkuru, mbadilisha fedha wa Manyovu, alipokuja kununua maharage akajikinga mvua kibarazani. Jicho la mtu wa hela huona hela. Aliona heleri ukingoni mwa paa, akataka kuzinunua zote, kila moja kwa bei ya bati jipya. Pelagia akamwambia hauzi paa mvua ikinyesha. Niyonkuru akaenda zake, lakini mdomo wake haukutulia. Mwezi haujaisha akafika ofisa kijana wa mambo ya kale, Abdalah, na barua yenye muhuri, mwenyekiti wa kijiji akimfuata nyuma.

Abdalah hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alivua viatu mlangoni, na Pelagia alipomwamkia "Mwakeye" alijitahidi kuitikia kwa Kiha. Akaeleza kwamba vitu vya kale kama hivyo ni mali ya taifa. Vikiachwa kwa watu, akasema, akina Niyonkuru watavivusha mpaka kimoja kimoja, na wajukuu wetu hawataviona. Kusema kweli hapo niliona ana hoja. Pelagia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu," akasema, "babu yake Pasikali alizipeleka serikalini, wakamwambia zimekufa. Mkikataa maiti, mnarudije kudai urithi wake?"

Abdalah akainamisha kichwa. Akasema ile ilikuwa serikali ya Mwingereza, si hii. Pelagia akamuuliza kama mvua nayo inabagua serikali.

Mwenyekiti, ambaye hapendi jambo lilale kwake, akakata shauri: heleri zing'olewe, na ofisi ya kijana ilete mipira ya kuzibia. Nikaitwa mimi. Pelagia mwenyewe ndiye aliyenishikia ngazi, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Niliziteremsha ndani ya kopo, Abdalah akizipangusa na kuziandika moja moja. Mipira ya ofisi haikuwa imefika, na mpaka leo haijafika, kwa hiyo mahali pa kila heleri nilivalisha kipande cha ndala. Zilipofika arobaini na tatu, ilikuwa imebaki misumari minne, ile ya juu ya kitanda cha Pelagia. Abdalah anaogopa ngazi. Akaniuliza kutoka chini kama zimeisha, nikajibu zimeisha. Akanishukuru sana, akaondoka na heleri zake kwenye mfuko wa khaki.

Ndala haiwezi jua. Mvua za mwaka wa pili zilipoanza, Pelagia aliniita. Nikakuta sufuria sebuleni, beseni jikoni, na mbegu ya mahindi imehamishwa mara mbili. Niliona aibu, maana kila tone lililodondoka lilitoka kwenye msumari nilioushika mimi. Nikaanza kuomba radhi. Akanipeleka chumbani.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Akanishika mkono, akakiweka kiganja changu juu ya blanketi. Lilikuwa kavu. Juu ya bati mvua ilikuwa ikipiga kwelikweli.

"Fundi, hapa hapavuji," akasema. "Siku ile ulisahau?"

"Nilisahau, mama."

Akatazama juu kidogo, kisha akanisogezea kigoda nikae.

"Basi endelea kusahau."